Mbwa Asiyekuwemo Kwenye Orodha

Tulimwacha Daktari ndani ya kibanda cha karantini, bomba la sindano mkononi, mlango umefungwa nyuma yake na komeo limeanguka kwa nje. Mnyororo wa Jabali ulikuwa sakafuni, mtupu. Jabali mwenyewe alikuwa amesimama.

Wiki nzima mmenikaba koo. Msomaji mmoja ameandika kwamba anayestahili kufungiwa na yule mbwa ni mimi. Mwingine anataka Daktari atolewe kwa kubomoa ukuta. Tulieni kidogo. Ukuta ni wa matofali na mimi sina nyundo.

Kwa anayeingia leo, mambo ni haya. Siku nane zilizopita, mtoto wa miaka saba anayeitwa Chiriku aling'atwa mkono na mbwa kwenye uchochoro wa nyuma ya kiwanda cha mbao. Walimpa jina hilo kwa maneno yake mengi, ingawa tangu siku ile maneno yamekauka. Mama yake ni Fundi, mshonaji wa sare za shule. Fundi ni dada mkubwa wa Daktari, na Daktari ndiye daktari wa mifugo wa halmashauri.

Kiwanda cha mbao kina mbwa wa ulinzi, Jabali, mweusi, kichwa kipana, kifua cha kubeba magunia. Watu hawakutafuta zaidi ya hapo. Halmashauri nayo ilikuwa na sheria ndogo mpya mezani, sheria ya mbwa hatari, yenye aina tatu za mbwa kwenye orodha. Wa aina hizo aliyeko mikononi mwa halmashauri auawe kabla ya saa sita mchana wa leo. Jabali yumo kwenye orodha kwa jina la pitibuli. Sindano amepewa mama mdogo wa mtoto.

Saa ilikuwa tatu na dakika kumi.

"Makoti," Daktari aliita, bila kugeuza kichwa. "Fungua."

Makoti ni mlinzi wa kiwanda, na ndiye anayemlisha Jabali hata hapa karantini. Huvaa makoti mawili, jua liwe kali liwe la kubembeleza. Daktari aliita tena.

"Mzee wangu, mlango umejifunga. Fungua."

"Haujajifunga," sauti ilisema kutoka nje, karibu kabisa na mbao. "Nimeufunga mimi."

Jabali alipiga hatua moja.

"Na mnyororo?"

"Nimemfungua mimi. Asubuhi, ulipokuwa unapima dawa."

"Unataka aniue?"

"Nataka umtazame, mama. Siku nane umekaa nje ya waya unaandika kwenye daftari, amekula, hajala. Mtazame ukiwa ndani. Ukimaliza, ukiona bado anafaa kuchomwa, mchome. Sitakushika mkono."

Jabali alipiga hatua ya pili, na ya tatu. Daktari alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Amechoma sindano mbwa maelfu katika kazi yake, lakini wote walikuwa wameshikwa na mtu mwingine. 

Mbwa alinusa kiatu. Akanusa mfuko wa koti. Akanusa bomba la sindano, akapiga chafya, kisha akaketi juu ya miguu ya Daktari na kumwegemea kwa uzito wake wote.

Kilichofuata kilifanywa na mkono peke yake, kwa mazoea ya kazi. Mkono ulishuka, ukaishika taya, kidole gumba kikainua mdomo.

Daktari aliinama. Akainua mdomo upande wa pili. Akatazama tena, kwa sababu hakuamini.

Jabali hakuwa na chonge za chini. Hata moja. Mahali pa chonge palikuwa na vibutu viwili vya kahawia vilivyolingana na fizi.

"Makoti. Meno ya chini yako wapi?"

"Yameisha. Miaka mitatu anatafuna mnyororo. Chakula chake namkatia mimi kwa kisu, vipande vidogo vidogo, kama vya kizee."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa askari nilisema, kwa diwani nilisema. Kila mmoja ananiuliza swali lilelile, ni pitibuli au si pitibuli. Hakuna aliyeniuliza ana meno mangapi."

Daktari alitoa mfukoni kipande cha nailoni angavu kilichokunjwa mara mbili. Muuguzi wa zamu alikiweka juu ya kidonda cha Chiriku siku ile na kuchora kwa kalamu kila tundu la jino, ndivyo wanavyofanya wao ili jalada lisibaki na maneno matupu. Matundu yalikuwa manne. Mawili ya juu na mawili ya chini, yote mapana, yote yameingia hadi ndani.

Mbwa aliyemng'ata Chiriku alikuwa na chonge zote nne.

Msomaji mwenye roho nyepesi atafurahi hapa. Jabali hana hatia, haya, afunguliwe, twende tukanywe chai. Daktari hakufurahi. 

Siku Chiriku alipopelekwa hospitali, muuguzi aliuliza kitu kimoja tu cha maana: mbwa huyo amechanjwa kichaa? Kadi ya Jabali ikaletwa mbio, chanjo zake zote zipo, hata ya mwaka huu. Chanjo ya watu ni adimu stoo, hupewa aliyeng'atwa na mbwa asiyejulikana au asiyechanjwa. Basi mtoto akaoshwa kidonda, akafungwa bandeji, akarudishwa nyumbani. Hakuchomwa hata sindano moja ya kichaa cha mbwa.

Na sasa mbwa siye. Kuna mbwa mwingine, hajulikani ni wa nani wala amechanjwa lini, na siku nane zimeshapita. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna hospitali itakayokurudishia mtu wako. Hiyo si chumvi ya mwandishi, muulizeni daktari yeyote.

"Fungua," Daktari alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa tofauti. Makoti akafungua mara moja.

"Ingia ukae naye. Jifungie kwa ndani kwa huo mnyororo. Asije mtu akakwambia ametumwa na mimi."

"Unakwenda wapi?"

"Kumwokoa mtoto wa dada yangu."

Mkuu wa idara ofisini wanamwita Bwana Kifungu, na anajua, na hachukii. Alikuwa mezani anapanga karatasi kwa pembe, zilingane.

"Mbwa siye," Daktari alisema akiwa bado mlangoni. "Hana chonge za chini."

"Kaa kwanza."

"Sikai, mkuu. Nataka amri isimame, na nataka gari nikamtafute aliyeng'ata."

"Sheria haisemi afe kwa kung'ata. Inasema afe kwa aina yake. Kama hakung'ata, basi atakufa na rekodi nzuri."

"Yule si pitibuli. Ni chotara wa mtaani. Mama yake alikuwa analala chini ya meza za sokoni."

Bwana Kifungu alivuta droo, akatoa kadi ya chanjo ya Jabali, akaisukuma mbele. Aina ya mbwa: Pitibuli. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa haraka, umelalia kulia.

"Mwandiko wa nani huu?"

Ulikuwa wa Daktari mwenyewe.

Miaka mitano nyuma, kwenye kampeni ya chanjo, kadi yenye neno chotara ilirudishwa na watu wa kumbukumbu kwamba haijakamilika. Mbwa tisa kati ya kumi walikuwa machotara na foleni ilifika barabarani. Madaktari wakajifunza njia ya mkato, wakawa wanamuuliza mwenye mbwa, huyu tumwiteje? Makoti alicheka siku ile, akasema aandikiwe kitu cha kutisha wezi. Daktari naye alicheka, akaandika.

"Halmashauri imebishana wiki tatu," Bwana Kifungu alisema. "Wengine wanasema hakuna aina mbaya, kuna mwenye mbwa mbaya. Wengine wanasema kuna mbwa wamezaliwa na ubaya mdomoni. Mwisho wakaomba takwimu. Tukawapa. Unajua takwimu zimetoka wapi?"

"Kwenye kadi zetu."

"Kwenye kadi zenu. Sasa unataka niingie ukumbini niwaambie kadi ni porojo?"

"Ndiyo."

"Watakuja kuniuliza, na mihuri ya chanjo nayo ni porojo?"

Daktari aliigeuza kadi ikalala kifudifudi mezani. Bwana Kifungu alidhani amemshinda kwa hoja. Mimi nawaambia ninyi, wala haikuwa hoja. Kuna muhuri mmoja uliomjia kichwani, mmoja tu, na hakuutaka uje.

Simu yake iliita. Ni dada yake.

"Umeshamaliza?" Fundi aliuliza. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda. "Niambie umeshamaliza, nipumue."

"Bado, dada. Mtoto yukoje?"

"Yuko. Haongei, lakini yuko. Ameshinda na Pamba tu."

Pamba ni mbwa wa nyumbani kwao. Mweupe, masikio laini, mkia usiojua kununa. Daktari mwenyewe ndiye aliyempeleka pale akiwa kitoto, zawadi kwa Chiriku. Kadi yake, penye aina ya mbwa, imeandikwa Labrado. Hayumo kwenye orodha yoyote ya mbwa hatari na hakuna diwani atakayemweka. Watoto wa mtaa mzima humshika masikio.

"Ila naye Pamba ananitia wasiwasi," Fundi aliendelea. "Hali tangu juzi. Ana mfupa umemkwama kooni. Taya limemlegea, mate yanamtoka tu, akitaka kubweka inatoka sauti ya mlango. Ukitoka huko mpitie umwangalie."

Daktari aliushika ukingo wa meza ya Bwana Kifungu.

"Umeuona huo mfupa?"

"Nimeutafuta. Jana nilitia mkono mpaka kooni, sikuupata."

"Ulitia mkono?"

"Sasa ningetia mwiko?"

"Dada, nisikilize. Chiriku yuko wapi sasa hivi?"

"Chumbani, anambembeleza."

"Mtoe. Sasa hivi, simu ikiwa sikioni. Mtoe, funga mlango, weka kiti nyuma yake. Usimguse tena huyo mbwa."

"Kwa sababu ya mfupa?"

"Hakuna mfupa, dada."

Cherehani ilinyamaza.

Daktari alichukua fimbo ya kitanzi ukutani, ile ya kukamatia mbwa, akatia bomba la sindano ndani ya begi. Alikuwa ameshafika kwenye korido Bwana Kifungu alipomkumbusha kwa sauti ya upole kwamba saa sita haijahamishwa.

Chumba cha kazi cha Fundi ni kidogo na kimejaa. Cherehani mbili, meza ya kukatia, sare za shule zimening'inia kwenye waya, kola zote zimetazama upande mmoja. Chiriku alikuwa ameketi juu ya furushi la vitambaa, mkono wa kushoto umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi kifundo. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani.

"Umeliacha lile jitu linapumua, umekuja kutufungia mbwa wetu," Fundi alisema. "Hata salamu huna."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sasa sema."

Daktari alisogeza kiti, akafungua mlango upana wa uso wake, akatazama.

Pamba alikuwa chini ya kitanda. Taya la chini lilining'inia, halikufunga. Mate yalikuwa yamelowesha manyoya ya kifua mpaka yameshikana. Mguu wa kitanda ulikuwa umetafunwa upande wa ndani. Macho yalimtazama Daktari lakini hayakumjua, na huyu ni mbwa aliyekuwa anamtambua kwa mlio wa viatu.

Kutoka kooni ikatoka ile sauti ya mlango.

Daktari alifunga, akarudisha kiti, akakiegemea. Vitabu vya madaktari wa mifugo vinaiandika hali hii wazi kabisa: mbwa anayeonekana amekwamwa na mfupa, usitie mkono, huenda ni kichaa.

"Ulitumia mkono peke yake?"

"Na rula." Fundi alionyesha kwa kidevu. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na rula yake ya mbao, ya kupimia mapaja ya suruali. "Juzi nilitaka kumpanulia mdomo, akaing'ang'ania. Hapo taya lilikuwa halijalegea vizuri."

Daktari aliigeuza rula. Juu kulikuwa na mashimo mawili, chini mawili. Alitoa kipande cha nailoni, akakilaza juu ya mbao. Nukta za juu zilikaa. Akaigeuza. Za chini nazo zikakaa, sawasawa, mpaka ile iliyopinda kidogo.

Fundi alikuwa anatazama. Yeye anaishi kwa kulinganisha vipimo, hakuhitaji kuelezwa.

"Hapana," alisema. "Chiriku mwenyewe alisema ni wa kiwandani."

"Alisema au aliitikia?"

"Kuna tofauti?"

"Askari alimuulizaje?"

Fundi alifikiri. "Alimuuliza, ni yule mbwa mweusi mkubwa? Akaitikia kwa kichwa."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi naye hivyohivyo." Sauti yake ilishuka. "Na mimi hivyohivyo."

Daktari alipiga magoti mbele ya furushi la vitambaa. "Mwanangu. Sikuulizi juu ya mbwa mweusi. Nani alikung'ata?"

Chiriku alitazama mlango wa chumbani muda mrefu.

"Pamba," alisema. "Alinifuata uchochoroni. Hakukusudia, mama mdogo."

"Kwa nini hukusema?"

"Gari la spika lilipita. Likasema mbwa anayeng'ata atauawa."

Jambo lenyewe ndilo hilo, msomaji. Watu wazima watatu walimuuliza mtoto swali lenye jibu ndani yake, na sheria ikapita mtaani na spika juu ya paa kumfundisha kunyamaza. Nilipoambiwa kisa hiki mara ya kwanza nilikaa chini.

Fundi alivuta pumzi, akaitoa, na rangi ikarudi usoni mwake. Alikuwa amekumbuka kitu. Akaenda kwenye bati la vifungo, akachakura, akatoa kadi.

"Sawa, ni Pamba. Tumempa yule mlinzi tabu bure na tutamwomba radhi. Lakini Pamba amechanjwa. Muhuri huu hapa, sahihi yako hii hapa. Kwa hiyo mtoto hana tatizo. Si ndiyo?"

Daktari hakuipokea kadi.

"Si ndiyo?" Fundi alirudia.

"Muhuri upo, dada. Sindano haikupita."



"Dawa iliisha siku ile," Daktari aliendelea, akitazama sakafu. "Palikuwa na mbwa arobaini bado kwenye foleni. Wewe ulikuwa na sare za kumaliza, ukaniambia, mdogo wangu, usinirudishe kesho tena. Nikagonga muhuri. Nikasema Jumamosi nitaleta dozi mwenyewe nimchomee hapahapa nyumbani. Jumamosi nikaitwa kwenye ng'ombe. Halafu nikasahau."

"Lini hiyo?"

"Mwaka juzi."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana niliona muhuri wa mwaka juzi, nikagonga mwingine. Ya mwaka huu hata sikumbuki."

Fundi alichukua mkasi mkubwa wa kukatia, akautazama, akaurudisha mezani taratibu sana, ncha ikiwa imeelekea ukutani. 

"Umekuwa unakuja hapa kila Jumapili," alisema. "Unakula. Mtoto analala na huyo mbwa, wewe unakula."

"Ndiyo, dada."

"Toka mbele yangu."

"Nitatoka. Nipe dakika kumi. Kwanza wewe na Chiriku mchomwe. Siku nane si nzuri, lakini mtoto hana homa, hana maumivu kwenye kidonda, bado tunayo nafasi. Baada ya hapo unifukuze."

Akampigia muuguzi. Muuguzi hakupoteza muda kushangaa, akaenda stoo na simu mkononi, milango ikasikika ikifunguka. Akarudi.

"Ninazo za watu watatu, mzunguko mzima. Zingine mpaka ziagizwe, na kuagiza ni wiki, tena ukibahatika. Lakini jalada linasema mbwa amechanjwa, na siwezi kutoa dawa kinyume cha jalada. Niandikie, daktari. Andika mbwa ni yupi, andika hajachanjwa, na andika kwa nini kadi inasema amechanjwa. Weka sahihi."

Daktari alitafuta karatasi. Iliyokuwepo ni ya vipimo, yenye mchoro wa shati. Akaigeuza, akaandika kwa ule mwandiko wa mviringo ulalao kulia. Mimi niliyetia sahihi hapa chini niligonga muhuri wa chanjo bila kuchoma chanjo, mara tatu.

Fundi alisoma juu ya bega lake. Alikuwa na hasira ya kuweza kuvunja nyumba, lakini hakuondoka begani.

"Ukiandika hivyo watakufukuza kazi."

"Watanishtaki pia."

 Fundi aliisogeza taa ya cherehani karibu na karatasi. "Basi andika isomeke. Usiandike kama unamkimbia mtu."

Simu iliita tena kabla hajamaliza. Ilikuwa Makoti, ananong'ona.

"Mama, wamekuja wawili. Mmoja ana bunduki. Yule bwana wenu, Kifungu, anasema nitoke, nami nimemwambia Jabali amenilalia miguu. Wanapiga mlango."

"Usitoke."

"Sitoki. Ila mlango huu ni mbao, na mbao nazijua."

Saa ya ukutani ilisema tano kasoro robo. Daktari alipiga picha karatasi, akaituma kwa muuguzi, akaituma na kwa Bwana Kifungu, bila neno la ziada. Sasa ilikuwa imetoka na haikuweza kurudi. Ajabu ni kwamba alipumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Muuguzi alipiga papo hapo.

"Nimeipata. Inatosha. Waje sasa hivi, mama na mtoto. Na wewe?"

"Mimi nina chanjo za kazini."

"Basi ni wawili, inabaki ya mtu mmoja. Niulize tu kwa sababu natakiwa kuuliza. Kuna mwingine aliyegusa mate ya huyo mbwa wiki hii?"

"Dada, kuna mwingine?"

"Nani aje?" Fundi alikuwa anamfunga Chiriku viatu. "Tumekaa ndani siku nane. Mgeni wetu ni uzi na sindano."

"Hakuna mwingine," Daktari alimwambia muuguzi.

Mkono mdogo ulimvuta koti.

"Mama mdogo. Walikuja kuniona."

"Nani walikuja?"

"Wenzangu. Juzi, na jana tena. Mama alikuwa amepeleka sare shuleni."

Fundi aliacha kamba ya kiatu.

"Mlifanya nini?" Daktari aliuliza. Simu ilikuwa bado imewaka na muuguzi alikuwa anasikia.

"Tulicheza wewe."

"Mimi?"

"Tulicheza daktari wa wanyama. Mama alishindwa kutoa mfupa, tukasema mikono ya mama ni mikubwa. Yetu midogo." Chiriku alisema haraka sasa, yale maneno yake ya zamani yamemrudia yote kwa pamoja. "Tukapanga foleni. Kila mmoja alitia mara moja, mpaka ndani. Pamba hakung'ata, mama mdogo, hawezi kufunga mdomo. Meno yaliwakwaruza tu kidogo wakati wa kutoa mkono. Damu kidogo tu. Wakafuta."

"Wamewaambia mama zao?"

"Hapana. Tuliapa. Tukisema, Pamba atauawa."

Fundi aliketi sakafuni palepale alipokuwa.

"Chiriku," Daktari alisema, na akajilazimisha sauti yake itulie. "Nitajie wenzako. Mmoja mmoja. Hutakuwa umevunja kiapo, mimi nakiondoa."

Mtoto alimtazama kuona kama anasema kweli. Kisha akainua mkono wa kulia, akaanza kukunja vidole, akianzia cha mwisho.

"Mtoto wa kinyozi. Mapacha wa dukani, wote wawili. Yule wa mwalimu. Na mdogo wake yule wa kinyozi, anayenyonya kidole."

Mkono wa kulia uliisha vidole. Muuguzi kwenye simu alisema, subiri, subiri kwanza, ninazo za watu watatu tu. Chiriku hakumsikia. Alikuwa anautazama mkono wenye bandeji, anatafuta kidole cha kuendelea nacho.